Mkono wa Tonge

Katika Kigali nzima hapakuwa na shule ya udereva kama ua wa Mzee Nsabimana wa Biryogo, na mwenye kubisha aje tubishane. Shule nyingine zilikuwa na ubao, chaki na picha za rangi. Mzee Nsabimana alikuwa na viatu. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri alichora barabara kwa majivu juu ya udongo mwekundu uliofagiwa, kisha akapaza sauti: "Vueni!" Sote tukavua. Kandambili zikawa magari madogo. Makubazi ya ngozi yakawa malori. Buti lake la mvua, lililobaki peke yake baada ya mwenzake kuibwa, lilikuwa basi. Kiatu cha mtoto kilikuwa baiskeli, na kokwa la parachichi lilikuwa mtu anayevuka barabara, na ole wako uliguse.

Mzee alikuwa ameendesha malori tangu ujana wake, Kigali hadi Dar es Salaam. Aliliingia daraja la Rusumo akiwa upande wa kulia, akatokea Tanzania akiwa upande wa kushoto, na safari ya kurudi akageuza tena, bila kukwangua hata kioo. Sasa macho yake yalikuwa yamechoka, lakini sauti bado ilikuwa ya lori. Alikaa kwenye kigoda mbele ya barabara zake za majivu. Nyuma yake, kwenye benchi, tulikaa wanaume. Wanawake walikaa kwenye mkeka, ng'ambo ya pili ya barabara, wakimtazama usoni. Adabu ilitaka hivyo, na mkeka ulikuwa umetandikwa hapo tangu zamani. Hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

Na alikuwa na desturi moja. Hakusema kulia wala kushoto. "Kulia na kushoto nimeviacha Rusumo," alikuwa akituambia. "Ukivuka daraja mara nyingi kama mimi, maneno hayo yanakuchanganya. Wewe tazama mkono." Basi akifika kwenye njiapanda isiyo na kibao wala taa, pale ambapo sheria yetu inasema umpishe anayetokea kulia kwako, Mzee aliinua mkono juu kama anaapa na kunguruma: "Anayetokea mkono huu, mpishe! Awe na lori, awe na punda, mpishe!" Na wote, benchi na mkeka, wakaitikia: "Mkono huu!"

Mimi ni Kabera. Mwaka ule wa tisini na mbili nilikuwa tayari nina perimi, ndivyo tunavyoiita leseni ya udereva hapa kwetu, na nilikuwa nikiendesha gari la seremala mmoja wa Gisozi, nikisambaza vitanda na makabati. Kwa Mzee nilikwenda kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mtu wa mashairi. Sikufundishwa na mtu. Mizani nilijifunza kwa kugonga vidole kwenye usukani, na nilikuwa nimekusudia kuzitia sheria zote za barabarani katika utenzi mmoja mkubwa, kuanzia taa za mbele hadi ile pembetatu nyekundu unayoiweka nyuma ya gari lililoharibika. Sababu ya pili ilikuwa shangazi yangu Aidah, dada wa baba yangu, aliyekuwa anakaa pale kwenye mkeka.

Shangazi Aidah alikuwa fundi cherehani, mjane, mshonaji wa sare za shule. Mumewe alimwachia nyumba, cherehani mbili na Pijo 404 yenye turubai nyuma. Tangu mazishi gari hilo lilikuwa limesimama chini ya mparachichi, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Shangazi alipeleka sare Remera na Kabeza kwa magari ya watu, akiwasubiri wenyewe washibe, walale, waamke, wakumbuke. Akapania kujifunza. Hapo ndipo Hakizimana, kaka wa marehemu, mfanyabiashara wa saruji mwenye Korola nyeupe isiyoguswa na vumbi, aliposema neno lake mbele ya ukoo mzima.

"Shemeji, gari linaoza. Nakupa muda hadi Idi. Ukiwa umepata perimi, gari ni lako na sitalitaja tena. Ukikosa, nalichukua, naweka dereva wangu. Gari si cherehani."

"Ni kweli, shemeji," akajibu Shangazi. "Cherehani ni ngumu zaidi."

Watu walicheka, lakini wazee wa ukoo walitikisa vichwa kukubali, na neno likawa limepita. Mtihani wake wa barabarani ukaangukia wiki ya mwisho ya Ramadhani. Akianguka, hakukuwa na nafasi nyingine kabla ya Idi.

Siku moja kabla ya mtihani nikaomba ruhusa kwa seremala, nikaenda kumsindikiza Shangazi katika mzunguko wake wa kwanza mjini. Karatasi ya kujifunzia alikuwa nayo, ila hadi siku hiyo Mzee alikuwa amemzungusha uwanjani na kwenye mlima wa Biryogo tu. Na mlimani alikuwa hodari. Mzee aliweka nyanya nyuma ya gurudumu, akakuamuru uondoke bila kurudi nyuma hata nukta. Ukiiponda, unaleta nyanya za mchuzi wa futari kwake. Wanaume wa benchi walimlisha mchuzi Ramadhani nzima. Shangazi hakuponda hata moja.

"Kioo?" nikamuuliza tulipoingia barabara ya lami.

"Nimeangalia."

"Indiketa?"

"Kabera, mimi nikikupima shati nakuuliza kama una mikono?"

Nikatazama barabara. Akaendesha. Akapita mjini, akashuka, akapanda Kimihurura, akasimama kwenye mistari myeupe watu wavuke, mwanamke mwenye kikapu akamshukuru kwa mkono. Mbele yetu lori lililotoka Rusumo lilikuwa linapanda kilima kwa kukohoa, likitumwagia moshi, na nyuma yetu kulikuwa na mtu wa teksi anapiga honi kama amekalia msumari.

"Anataka tulipite lori," nikasema.

"Anataka yeye. Kilimani hupiti, hujui kinachokuja upande wa pili. Kama ana haraka, angetoka jana."

Nilifurahi mpaka nikaanza kutunga beti. Remera tukaipita, tukaacha lami, tukaingia njia za udongo za Kabeza, ambako mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha utelezi. Hapo tukafika kwenye njiapanda isiyo na kibao.

Kushoto kulikuwa kunakuja gari dogo la mboga. Shangazi akasimama vizuri, akampungia dereva wake: pita, baba. Mtu wa mboga naye akasimama, kwa sababu haki haikuwa yake, akampungia Shangazi: pita, mama. Shangazi akapunga tena. Mtu wa mboga akapunga tena, akatabasamu, akaweka mkono kifuani.

"Watu wa Kabeza wana adabu," akasema Shangazi. "Haya, asante, baba." Akaachia klachi, akaondoka, bila kutupa hata jicho upande wangu, upande wa kulia, ambako mteremko mzima ulikuwa umejaa baiskeli iliyobeba magodoro yaliyopangwa juu kuliko paa la nyumba.

"Breki!" nikapiga kelele.

Pijo ikasimama kwa kuruka. Baiskeli ikapinda, ikaingia mtaroni, magodoro yakaruka, na mwenye baiskeli akaruka nayo, akatua juu yao, amekaa wima kama bwana harusi.

"Mama!" akasema, bila kuinuka. "We iko naangalia wapi? Mimi iko natoka mkono ya kulia! Hata baiskeli iko na haki!"

Shangazi alikuwa ameshafika mtaroni. "Pole, baba, pole sana. Umeumia?"

"Nitaumia namna gani na magodoro yote haya? Haki yangu ndiyo imeumia!"

"Lakini mkono nimeuangalia! Wallahi nimeuangalia! Yule wa mboga nimempisha, kama tulivyofundishwa."

"Shangazi," nikasema, "mkono upi?"

"Mkono huu," akasema, akainua wa kushoto.

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Shangazi yangu hana upungufu wowote wa akili, na anayesema anao atanikuta. Kitu kimoja tu: mkasi anaushika kwa mkono wa kushoto. Utotoni alifinywa sana kwa ajili hiyo, na tangu wakati huo majina ya mikono hayajawahi kumkaa kichwani. Ndiyo maana alimpenda Mzee, asiyetaja majina. Alitazama tu.

Nikavua kandambili zangu, nikaziweka kwenye udongo, nikachuchumaa mbele yake, uso kwa uso, kama Mzee anavyokaa. Nikainua mkono wangu wa kulia. "Mkono huu!"

"Huo huo," akasema, akiuonyesha. Na ulikuwa upande wake wa kushoto.

"Sasa zunguka, usimame nyuma yangu, kama uko kwenye benchi."

Akazunguka. Nikainua tena. Akautazama mkono wangu: sasa ulikuwa upande wake wa kulia. Mtu wa magodoro naye alisogea, maana alikuwa ameona.

"Kabera," akasema Shangazi polepole. "Mkeka."

"Mkeka, Shangazi."

"Sote tuliokaa kwenye mkeka tumejifunza kinyume." Akashika kinywa. "Na Kanyange?"

Kanyange alikuwa jirani yetu, muuza maandazi, mwanafunzi wa Mzee wa miaka mingi. Alikuwa ameanguka mtihani mara tatu. Benchi zima lilimcheka. Walisema mwanamke na gari ni kama paka na maji, na mimi mwenyewe niliwasikia wakisema nikawaona wana maneno mazuri. Siku ile nilisimama katikati ya njiapanda ya Kabeza, miguu mitupu kwenye tope, nikiwa na hasira ya kutosha kuwasha taa za mji mzima. Tulimfungia mtu magodoro yake upya, tukampandisha kilima cha mbele kwa kumsukuma, naye akatuombea dua na kutuambia tena kuhusu haki yake. Kisha tukarudi Biryogo, mimi nikiwa kwenye usukani.

Mzee Nsabimana alitusikiliza akiwa ameshika tasbihi, wanafunzi wamekusanyika kwa futari kama kila jioni ya Ramadhani.

"Mimi?" akasema. "Kinyume? Mimi niliyefundisha nusu ya madereva wa Nyamirambo?"

"Nusu ile ya benchi, Mzee," nikasema. "Ile ya mkeka je?"

"Kijana, chunga mdomo."

"Mzee, nisamehe, mdomo nitauchunga kesho. Leo njoo ukae kwenye mkeka."

Watu walishtuka. Mzee akanitazama, akamtazama Shangazi, akainuka. Akavuka barabara zake za majivu kwa miguu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akaketi kwenye mkeka kando ya Kanyange, aliyekuwa amekuja na maandazi ya futari. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Nikaweka kandambili nne kwenye njiapanda. Nikainua mkono wa kulia. "Anayetokea mkono huu, mpishe!"

Mzee alitazama mkono wangu. Akatazama kandambili iliyokuwa mbele yake. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Kanyange, mwanangu," akasema. "Mara tatu?"

"Mara tatu, mzee."

"Nami nikasema ni jicho la watu."

"Ukanipa kombe la dua ninywe, mzee."

"Ukanywa?"

"Nikanywa. Lilikuwa chungu."

Mzee akaanza kutikisika mabega. Tulidhani analia. Alikuwa anacheka, akacheka mpaka Kanyange naye akacheka, mpaka mkeka wote ukacheka, wakipigana mapaja. Ni sisi wa benchi tu tuliokuwa hatujui pa kuangalia.

"Haya," akasema Mzee akifuta macho. "Kesho asubuhi Aidah na Kanyange wanapanda mbele ya askari wa jandarmu. Miezi ya kinyume itanyooka vipi kwa jioni moja? Maneno wanayachanganya. Mkono nimeuharibu mimi."

Hapo nikainuka. Wakati wangu ulikuwa umefika, na sikuona sababu ya kujificha. Nikasema utenzi wangu una ubeti wa njiapanda, uliosukwa kwa vina vya kati na vya mwisho, nikakohoa, nikaanza: "Atokaye kuumeni, umpishe kwa heshima..."

"Kuumeni ni wapi?" akauliza Kanyange. "Ni karibu na Kagugu?"

"Kuumeni ni upande wa kulia! Ni neno la washairi!"

"Kabera baba," akasema Shangazi kwa upole, "mimi nataka kuendesha gari. Sitaki kuliposa."

Benchi, lililokuwa linatafuta mtu mwingine wa kuchekwa, likamshukuru Mungu na kunicheka mimi. Niliketi nikiwa nawaka. Ubeti ule ni mzuri, na siku moja utasomwa na watu wanaostahili. Lakini jua lilikuwa limezama, adhana ikatoka msikitini, na mke wa Mzee akaleta sinia. Tende, maandazi, wali na mchuzi wa nyanya zile za mlimani. Wanawake wakazunguka sinia lao, sisi letu, na mikono ikashuka.

Nilikuwa bado nimenuna, ndiyo maana nilikuwa natazama badala ya kula. Nikaona mkono wa Shangazi ukifinyanga tonge. Mkono wa kulia. Yule mshika mkasi wa kushoto, aliyekosea njiapanda mchana ule, hakusita hata kidogo kwenye sinia. Nikamtazama Kanyange: wa kulia. Mkeka wote: wa kulia. Ule mkono walikuwa wamefunzwa na mama zao kabla ya kujua kusema, na hakuna mkeka wala kigoda ambacho kingeweza kuugeuza.

"Shangazi! Usiuteremshe!"

Akabaki na tonge hewani. "Kuna nini? Kuna nzi?"

"Huo! Mkono huo! Anayetokea upande wa tonge, mpishe. Anayetokea upande wa mkasi, yeye ndiye wa kukupisha."

Akautazama mkono wake. Akaula ule wali polepole, akifikiri, kisha akausogeza mkono upande, mtupu, kama anaonyesha gari linakuja. "Tonge," akasema. Akasogeza wa pili. "Mkasi." Akacheka. "Mbona ni rahisi?"

Ubeti ulinijia kabla sijanawa, na huu haukuhitaji mtu wa kuufasiri:

Mkono wa kula tonge, ndio wa kuangalia,
Atokeaye asonge, mpishe bila udhia,
Wa mkasi usiringe, naye atakuachia,
Ila polisi apunge, yeye ndiye wa sheria.

Waliuimba mpaka wakati wa tarawehe. Mzee akasema mstari wa tatu ndio uliokomaa, maana haki barabarani ni kitu cha kushika kwa uangalifu, si cha kumpiga nacho mtu usoni. Nilikubali, ingawa nilikuwa nimeutunga hivyo kwa ajili ya kina tu.

Asubuhi tulikusanyika Remera karibu na uwanja wa mpira. Mtahini alikuwa ajida mmoja, afisa mdogo wa jandarmu, aitwaye Twizeyimana, mrefu, mwenye filimbi shingoni, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka wala kuonea mtu. Kanyange alitangulia. Alirudi akishuka garini huku anaimba, na ajida nyuma yake akiandika, tukajua amepita.

Bwana Hakizimana alikuwepo. Alikuja na Korola yake na dereva aliyemkusudia, kijana mwenye glavu, akamwacha amekaa kwenye kivuli kabisa asubiri ufunguo wa Pijo.

"Shemeji, hujachelewa kubadili mawazo," akasema.

"Wala wewe, shemeji," akajibu Shangazi, akafunga mlango, akamfungulia ajida mlango wa pili. Akarekebisha kioo. Akatazama nyuma. Akaondoka kama maji.

Hakizimana akanigeukia. "Kabera, ingia. Najua ajida anakowapeleka, ni njia za Kabeza. Tukate huku tukamwone anavyoanguka."

Nikaingia, kwa sababu nilitaka kuona. Alikuwa ameendesha magari tangu nikiwa mtoto, na aliendesha kama mtu aliyejenga barabara mwenyewe. Mkono mmoja usukanini, mwingine kwenye honi. Kila mtu akaruka pembeni, naye akachukulia kuwa ni heshima. Tukashuka njia ya udongo, na mbele nikaiona njiapanda ile ile ya magodoro. Upande wetu wa kulia, Pijo ilikuwa inakuja taratibu, Shangazi amenyooka kwenye kiti, ajida kando yake.

"Bwana Hakizimana, punguza," nikasema. "Anatokea kulia. Haki ni yake."

"Atasimama. Mwanamke akiona gari anasimama." Akapiga honi ndefu.

"Punguza! Kuna jandarmu ndani!"

Alipolikumbuka hilo tulikuwa tumeshafika. Nikafumba macho. Sikusikia mgongano. Nilipofumbua, Pijo ilikuwa imesimama hatua chache kutoka mlango wangu, nami nilimwona Shangazi kwa karibu kabisa, mikono yote miwili kwenye usukani, ananitikisia kichwa kama anavyofanya nikiharibu kitambaa. Sisi tukapita mbele yake, matope yakaruka, na filimbi ikalia.

Hakizimana akasimama. Ajida alikuja kwa mguu, bila haraka, akichagua pa kukanyaga. Shangazi aliegesha Pijo pembeni, akavuta breki ya mkono, akashuka pia.

Kwanza ajida alimgeukia yeye. "Mama, pale haki ilikuwa yako. Mbona ulisimama?"

Nilidhani gari limekwenda kwa Hakizimana.

"Afande, haki ilikuwa yangu, najua. Yeye alitokea upande wa mkasi." Ajida akakunja uso. "Wa kushoto, afande, kushoto kwangu. Lakini nilimwona hapunguzi. Huyu ni shemeji yangu, namjua, hajawahi kumpisha mtu tangu azaliwe. Ningepita na haki yangu, sasa hivi ningekuwa nayo hospitali, na wewe kitanda cha pili."

Ajida hakucheka, lakini filimbi kifuani mwake ilitikisika kidogo. Akamgeukia Hakizimana. "Perimi."

Hakizimana akaitoa, imechakaa kwenye mikunjo. "Afande, mimi nilifika kwanza. Tena nilipiga honi."

"Honi si sheria. Nani alikuwa na haki hapa, na kwa nini?"

Hakizimana akatazama njia moja, akatazama ya pili. Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mbele yao, juu ya baiskeli, alikuwa yule mtu wa magodoro, leo amebeba viti. Alimjua Shangazi, akafungua kinywa, akaamua kungoja.

"Mwenye gari kubwa?" akasema Hakizimana.

Mtu wa baiskeli akashindwa kuvumilia. "Mungu wangu!" akasema. "Na huyu iko na perimi?"

"Mama," akasema ajida, "mwonyeshe."

Shangazi akavua kandambili zake, akaziweka kwenye udongo, moja huku, moja kule. Hakizimana akasogea, akasimama ng'ambo, uso kwa uso naye.

"Hapana, shemeji," akasema Shangazi. "Hapo usikae. Hapo ndipo tulipopotelea sisi. Njoo huku, nyuma ya gari lako."

Bwana Hakizimana, mwenye saruji na Korola, akainua suruali yake, akazunguka matope, akasimama kando ya mjane wa kaka yake.

"Tonge la futari unalishika kwa mkono gani?"

"Shemeji, mbele za watu..."

"Unakula kwa mkono gani?"

Akauinua. Shangazi akaushika kwenye kifundo, akaunyoosha kuelekea kandambili ya pili. "Anayetoka huko, mpishe. Awe na lori, awe na punda. Awe hata mimi."

Ajida akaitia perimi ya Hakizimana mfukoni. "Hii utaifuata ofisini siku utakayoweza kunieleza sheria hiyo peke yako." Kisha akatoa karatasi ya Shangazi, akaiweka juu ya boneti ya Pijo, akasaini, akampa mkono. "Hongera, mama. Na hiyo habari ya mkasi, sikuisikia kwenye kitabu chochote."

"Imo kwenye ushairi, afande," nikasema mimi. Mtu asiposema mwenyewe, nani atamsemea?

Shangazi aliiweka ile karatasi ndani ya kanga, kifuani, akavaa kandambili zake zenye tope. Jumamosi iliyofuata mkeka wa wanawake ulitandikwa nyuma ya kigoda, sawasawa na benchi, na Mzee alilalamika kwamba sasa anasikia kila wanachomsengenya. Lakini siku ile bado tulikuwa na safari ya kurudi, na Hakizimana hakuwa na perimi, na kijana wake mwenye glavu alikuwa Remera kwenye kivuli. Alinitazama. Akaninyooshea ufunguo wa Korola, akazunguka, akakaa kiti cha abiria.

Nikafuata nyuma ya Pijo, kwa mwendo wake, bila honi. Kwenye njiapanda ya kwanza Shangazi alisimama, akampisha mtu wa baiskeli na viti vyake, aliyepita kichwa juu kama waziri. Sisi tulipofika, mwanamke mmoja alikuwa anatokea kulia na toroli la ndizi. Hakizimana aliliona toroli. Nikamwona anauinua mkono wake wa kulia kutoka gotini, anautazama, kisha anautazama mlango wake.

"Tonge," akasema kwa sauti ya chini.

"Tonge," nikamjibu, nikasimama.